Uzi Kutoka Ng'ambo

Chai ilikuwa imeshatiwa kwenye chupa, na koti limeshakunjwa, Fundi alipoitwa jikoni na wifi yake.

"Wifi, nisaidie. Mpelekee kaka yako hivi vitu mtoni. Yule akishika ufito wake wa kuvulia hakumbuki hata kama kuna baridi. Mimi bado nina watoto wa kuogesha."

Fundi hakuona neno. Alikuwa amekaa kwa kaka yake siku kadhaa, anapikiwa, anafuliwa, anabembelezwa kama mzazi aliyetoka kujifungua, na mikono ilishaanza kumwasha kwa kukosa kazi. Mjini alikuwa na chumba chake cha kushonea, na kila mtu alimwita Fundi, hata kaka yake alipotaka kumtania. Lakini tangu mumewe afe maji mwaka jana, katika mto huu huu, kila nguo aliyoishika ilimshinda. Ndiyo maana kaka alipopiga simu na kusema, "Njoo upumzike kwetu, mdogo wangu, mawazo yatakumaliza huko," hakubisha.

Angebishaje? Kaka ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Alikuwa akimsuka nywele asubuhi kabla ya shule, kwa vidole vyake vizito vya kiume, mistari imekwenda upogo, wenzake wakamcheka mpaka akarudi analia. Jioni kaka alizifumua zote akaanza upya. Mtu wa namna hiyo humwulizi kwa nini anakuita.

Akachukua chupa na koti, akashika njia.

Njia ilipita katikati ya misonobari. Chini yake majani makavu yalimeza kila kishindo, na sauti ya mto ilimfikia kabla hajauona. Ulikuwa mto wa milimani, mwembamba, maji yake baridi ya kuumiza meno. Huko ndiko kaka alikopatia riziki, kwa kuwaongoza wageni waliokuja kuvua trauti, samaki wa maji baridi. Uvuvi wao si wa nyavu wala wa minyoo. Mvuvi husimama ndani ya maji, mabuti ya mpira yamemfika kifuani, akaurusha uzi nyuma na mbele juu ya kichwa chake, mpaka ndoana iliyofungwa manyoya itue juu ya maji kama nzi aliyechoka. Trauti si samaki wa kudanganywa ovyo. Ni lazima uongo ufungwe vizuri.

Na kaka alijua kuufunga. Jana yake usiku Fundi alimkuta mezani, amebana ndoana kwenye kibano, anaizungushia nyuzi nyeusi laini, taratibu. Wote wawili walikuwa watu wa uzi, kwa hiyo alisimama akamtazama kwa raha.

"Manyoya gani hayo, kaka?"

"Ya farasi," alijibu bila kuinua macho.

Mumewe naye alijifunza uvuvi huo kwa kaka. Walipatana sana, shemeji na shemeji, wakicheka kama watoto waliotoroka shule. Kisha ikaja ile jioni kaka alipotokea peke yake, amelowa, kabeba kofia ya mwenzake. "Niliushika mkono wake, mdogo wangu. Niliushika mpaka nguvu zikaniishia." Mwili haukupatikana. Siku zile Fundi ndiye aliyembembeleza kaka, badala ya kubembelezwa yeye.

Alipotokea ukingoni, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima. Mbingu ilikuwa bado na mwanga. Maji hayakuwa nao.

Kaka alikuwa amekaa juu ya jiwe. Ufito wake ulilala majanini, uzi umekunjwa, hauna ndoana.

"Huvui leo?"

"Leo wanavua wengine," kaka alisema.

Fundi akacheka. Kaka hakucheka. Alimpokea koti akaliweka chini bila kulivaa, na chai hakuitazama.

"Kaa hapa," akasema, akimwonyesha jiwe bapa lililoingia majini. "Hapa pakavu. Sogea kidogo... kidogo tena. Hapo."

Akakaa. Vyura walikuwa wanalia. Kisha, kama mtu amewaziba mdomo wote kwa pamoja, wakanyamaza.

Fwiiii...

Aliijua sauti ile. Ni uzi unaokata hewa.

Fwiiii... fwiiii...

Ilitoka ng'ambo.

Mwanzoni aliuona uzi tu, mweupe, ukijikunja na kujinyoosha gizani chini ya matawi. Halafu akamwona aliyeushika. Mwanamume, maji yamemfika kiunoni. Mto ulipita kwa kasi pande zake zote mbili, lakini mbele ya kiuno chake haukukunjamana hata kidogo. Ulipita kama hakuna kitu hapo.

Alivaa kizibao chenye mifuko mingi.

Fundi alikijua kizibao kile. Alikikata yeye, akakishona yeye. Moyo ukamtangulia kabla ya akili, ukaruka mto peke yake.

"Kaka... yule..."

"Ndiyo. Ni yeye."

"Yu hai?"

Kaka aligeuzia macho ng'ambo. "Anakuulizia," alinong'ona. "Kila jioni anakuulizia wewe."

Upepo ukaja na harufu. Matope... lakini si matope ya ukingoni. Ni yale ya chini kabisa, ambayo hayajawahi kuona jua. Na ndani ya harufu ile, sauti ya mumewe, ndogo, kama iliyosemwa ndani ya mtungi.

"Njoo... maji si ya baridi."

Machozi yalimtoka Fundi bila kujua. Alitaka kuinuka. Aliinuka. Miguu yake ilishaanza kutafuta njia, na hapo hapo jicho lake la cherehani, lile ambalo haliachi mshono uliokosewa hata msibani, likagoma.

Mumewe alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwa ajili yake Fundi alishona mfuko mkubwa upande wa kulia wa kifua, ili mkono wa kushoto uufikie kwa urahisi. Walishabishana kuhusu mfuko ule, wakacheka kuhusu mfuko ule.

Mtu wa ng'ambo alirusha uzi kwa mkono wa kulia. Na mfuko ulikuwa kushoto. Vifungo navyo vilifungwa kinyume.

Alikuwa mumewe kama anavyoonekana kwenye kioo.

Au kwenye maji.

"Kaka, yule si yeye," alisema. "Twende. Yule si mtu!"

Uzi ukaja. Ulikuja polepole, ukatandazika hewani wote, mpaka ndoana ikashuka mbele ya uso wake kama mdudu asiye na haraka. Aliinua kiganja kujikinga.

Ikazama nyamani.

Maumivu yalichelewa. Kilichotangulia ni kuona. Ndoana ilikuwa imezungushiwa nyuzi nyeusi laini, zenye wekundu kwenye ncha. Fundi aliuangalia wekundu ule, ule wa rangi aliyopaka nywele zake saluni wiki mbili kabla ya safari. Akamkumbuka wifi yake barazani, mchana wa juzi, anamchana taratibu, anamwambia amelegea kichwa kama mtoto. Akakumbuka kibano mezani.

Ya farasi.

Uzi ukakaza. Mguu wake mmoja ukateleza ukaingia majini, na baridi ikampanda mpaka mbavuni. Wakati huo huo akahisi mikono miwili ya kaka ikimshika mabega kwa nyuma, ile mikono mizito, na alishukuru. Wallahi alishukuru. Alijua atavutwa nyuma kama alivyovutwa utotoni kutoka barabarani, kutoka kisimani, kutoka kwenye kila kilichotaka kumla.

Mikono haikumvuta.

Ilikuwa inamsukuma.

"Nisamehe," kaka alikuwa analia, pua yake imegusa sikio lake. "Nisamehe, mdogo wangu. Mto ulinishika mimi kwanza. Mimi! Shemeji alinipa mkono anitoe, nami nikamtoa yeye badala ya nafsi yangu. Nilidhani yamekwisha. Hayajaisha... Kilichomo humu kinataka zaidi. Kimesema kikikupata wewe kitaniacha mimi na wanangu."

"Kaka, ni mimi."

"Najua."

"Ni mimi, kaka!"

"Najua, mama. Usipige kelele. Haitauma."

Alimwita mama, kama zamani alipomnywesha dawa chungu. Ni neno lile lililompa Fundi nguvu, nguvu mbaya inayotoka mahali ambapo mapenzi yamekufa ghafla. Alijizungusha, akampiga kaka kiwiko cha shingo, akauleta mkono wake wenye ndoana kinywani. Uzi ulikuwa na ladha ya chuma na matope. Akaung'ata kama anavyokata uzi wa cherehani, kwa meno ya pembeni, mara moja.

Ng'ambo hapakutoka kelele yoyote. Yule mtu alisimama tu, akiutazama uzi wake uliolegea, na uso wa mumewe ukawa hauna tena mtu ndani.

Kisha akaanza kurusha upya.

Fwiiii...

Fundi alikimbia. Alipanda ukingo kwa magoti na kucha, akaingia misonobarini bila kufuata njia. Nyuma yake alisikia kitu kizito kikiangukia maji. Akasikia mawe yakisuguana, kama mtu anayeburutwa na anajaribu kuyashika.

"Dada!"

Sauti ya kaka. Haikuwa ya mtu mzima. Ilikuwa ya yule kijana wa zamani aliyebaki peke yake na mtoto wa kumlea.

"Dada, nipe mkono!"

Hakugeuka.

Nyumbani taa zilikuwa zinawaka. Alipiga mlango kwa mkono unaovuja damu, akaita wifi, wifi, wifi. Ndani watoto walikuwa wanacheka kwenye beseni. Akasikia hatua zikija mpaka mlangoni. Zikasimama. Akasikia pumzi ya mtu upande wa pili wa mbao.

Halafu komeo likasukumwa, mlango ukakazwa kwa ndani.

Alitembea mpaka barabara kuu, akapata lori la mbao linaloshuka mjini. Dereva alimtazama kiganja, akataka kuuliza, akaona afadhali awashe redio.

Siku chache baadaye ukoo ulimwita. Kaka hakuonekana tangu jioni ile, na watu walitaka kujua. Alikwenda mchana kweupe, akakaa mkekani katikati ya wajomba na mashangazi, mkono umefungwa bendeji. Baba mdogo ndiye aliyeongoza kikao.

"Mke wa marehemu... samahani, mke wa mwenzetu," alijikwaa, akimgeukia wifi, "hebu tueleze ulivyoona."

Wifi alikuwa na kitambaa kichwani na macho yaliyovimba. Aliongea polepole, bila kumtazama mtu.

"Mume wangu alitoka na wifi kwenda mtoni. Wifi ndiye aliyetaka waende, akaone pale mumewe alipofia. Alikuwa na hasira naye, kwamba hakumwokoa. Ndivyo nijuavyo mimi. Walikwenda wawili, hakurudi hata mmoja kuniambia."

Fundi alifungua mdomo. Nyuso zote zilimgeukia, za watu waliompakata utotoni, na kila uso ulikuwa umeshafika ulikokuwa unakwenda. Angesema nini? Uzi? Kioo? Aliwaeleza hata hivyo, kwa kifupi. Shangazi mmoja akavuta mtandio wake mbali naye, kidogo tu, kama mtu anayekwepa chai iliyomwagika.

Walipovunja kikao alimfuata wifi yake jikoni. Alikuwa peke yake, anasuuza vikombe.

"Kwa nini, wifi?"

Maji yalitiririka bombani.

"Alisema ni wewe au mmoja wa hawa wanangu," wifi alinong'ona. "Ungekuwa wewe ungechagua nini?"

"Ningekwambia. Ningekwambia ukimbie nao."

Wifi akaweka kikombe juu ya kitambaa, mdomo chini. Akachukua kingine. Sauti yake ilitulia, na utulivu ule ndio uliomtia Fundi baridi.

"Amerudi," akasema.

"Nani?"

"Kaka yako. Haingii ndani. Anakuja jua likizama, anasimama pale dirishani, analowesha ukuta. Hana kelele. Hajawagusa watoto, hajawaita hata majina." Akakisuuza kile kikombe. "Anauliza jambo moja tu."

Fundi aliangalia ukuta chini ya dirisha. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, na harufu ile ya chini ya mto ilikuwa imeganda pale, mchana wote huu, jua lote hili.

"Anauliza nini?"

"Anauliza unakaa wapi huko mjini."

Barazani wajomba walikuwa wanatafuta viatu vyao, wanaagana. Mmoja alikohoa. Fundi alimshika wifi yake mkono wenye povu akamgeuza, wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hukumwambia," alisema. "Wifi... niambie hukumwambia."

Wifi aliutoa mkono wake taratibu, akaufuta kwenye kanga.

"Aliuliza kwa upole sana," akasema. "Ni baba wa watoto wangu, wifi. Nimemwelekeza mpaka mlangoni."