Mwanamke wa Picha ya Mbali

Magharibi ilikuwa ikiingia Kavutha alipotoka Soko la Burma, nusu kilo ya matumbo mkono mmoja, stendi ya kamera mkono mwingine, na mimba ya miezi mitano mbele. Alikuwa akienda Shauri Moyo kumrekodi mama mkwe wake, Koki, akitaja marehemu wa ukoo. Kwa Wakamba, marehemu hurudi kwa jina, na mtoto lazima apewe la mmoja wao.

"Umechelewa," Koki alisema. "Na hayo matumbo yananuka."

"Ni ya leo, Mama."

"Basi ni wewe."

Kavutha alifunga kamera kwenye stendi. Kazi ya kurekodi harusi na matanga ilimfundisha utaratibu: kwanza picha ya mbali, chumba kizima kionekane, kisha ya kuanzia kiunoni, mwisho ya uso.

Picha ya mbali. Koki kitini, akitaja. Mutunga. Mbithi. Kavindu...

Kwenye kioo cha kamera, mlangoni, alisimama mwanamke mwenye leso kichwani.

Kavutha aliinua macho. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Mama... umemruka Kamene," alinong'ona. Kamene alikuwa mke mwenza wa Koki, aliyekufa bila mtoto.

"Mchawi hana jina humu! Piga picha, msichana wewe!"

Picha ya kiunoni. Mwanamke yule sasa alikuwa nyuma ya kiti. Harufu ya udongo mbichi ilijaa chumbani.

Kavutha aliwaza kama mpiga picha: uso wa Koki ukijaza kioo chote, mwingine hatapata nafasi. Akavuta karibu. Paji, macho, mdomo.

Vidole vitano vikapanda kutoka chini.

Vikauziba mdomo.

Kavutha aliinua macho. Hakuna mkono. Lakini Koki alikuwa akikoroma, visigino vikipiga sakafu... ta... ta... ta...

"Mwache!" Kavutha alilia, mikono imeganda kwenye stendi. "Mtoto ataitwa Kamene!"

Koki akavuta pumzi. Kisha akatema mate chini.

"Umemwingiza nyumbani mwangu."

Kesho yake mume wa Kavutha aliitazama video. Hakuona mwanamke wala vidole. Mama yake tu, akikosa hewa, na kilio cha Kavutha.

"Na huyu anayeitika ni nani?" aliuliza.

Wakairudia. Sauti ya kike, nzito, ya mtu mzima. *Nimefika.*

Haikutoka kitini. Ilitoka nyuma ya kamera, alipokuwa amesimama Kavutha peke yake, yeye na mimba yake.