Mjumbe wa Tabibu wa Sumu

Asubuhi hiyo Chirutha alikuwa akikuna nazi. Mumewe, Kelappan, alikuwa akivuna mpunga. Ghafla akaletwa nyumbani amebebwa. Nyoka wa madoa alikuwa amemuuma mguuni.

Baba mkwe, mzee Othenan, alimfunga kamba chini ya goti, akaikaza kama anafunga kuni. Kisha akaitisha kikao cha kumtuma mjumbe wa kumwita tabibu. Naam, kikao! Kila mtu kijijini alijua kwamba tabibu wa sumu humsoma mjumbe, nguo zake na ishara za njiani, kabla ya kumtazama mgonjwa. Mjumbe akiwa na nuksi, mgonjwa amekwisha.

"Nitakwenda mimi," alisema Chirutha.

"Na nguo nyekundu hiyo? Unataka kumzika mwanangu?"

Akabadili nguo. Alipokanyaga uani, jirani akapiga chafya.

"Rudi!" aliita Othenan. "Keti kwanza, uanze upya."

"Baba, mguu unavimba!"

"Bora uvimbe kuliko safari yenye mkosi."

Saa nzima ikapita hivyo, kwa heshima zote.

Chirutha alipofika mwishowe, Tabibu Raru hakumsoma hata kidogo. "Ameumwa saa ngapi?" aliuliza. Alipojibiwa, akashika kichwa.

"Mama, marehemu baba yangu alisoma wajumbe kwa sababu hakuwa na kingine. Mimi natibu homa zenu na matumbo yenu. Dawa ya sumu hii ni sindano, nayo iko hospitali. Twende, naita gari sasa hivi."

Walipofika nyumbani, Kelappan alikuwa akitetemeka. Mguu ulikuwa mweusi.

"Nani kafunga hivi?" tabibu alifoka. "Msifunge, msichanje, msinyonye! Sasa kamba hii aifungue daktari. Mlazeni, mguu utulie. Asitembee, abebwe."

"Kumbe wewe kazi yako nini?" Othenan alinung'unika.

"Kuwaambia hayo. Daktari akisema, mnamcheka. Nikisema mimi, mnasikia. Ila leo mmechelewa kunisikia."

Kelappan hakufa. Mguu ulikatwa gotini. Tangu hapo Othenan alikula peke yake, nyuma ya nyumba, na hakuna aliyemwita.

Mwaka uliofuata Madhavi, binti wa jirani, aliumwa na nyoka kisimani. Hakukuwa na kikao. Othenan alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, na kabla ya nusu saa kwisha binti alikuwa amechomwa sindano hospitali.

Baada ya siku tano Madhavi alishuka garini barabarani, akaja kwa miguu yake, akirukaruka madimbwi. Kijiji kizima kilishangilia. Kelappan alimtazama kutoka kitandani, barazani.

"Mke wangu," alisema, "nigeuze nitazame ukutani."