Sketi ya Fito

Kila siku akitoka shule, Chiriku aliisikia cherehani ya mama kabla hajaiona nyumba yao. Ilikimbia, ikanyamaza, ikakimbia tena, na kwa mlio wake tu alijua kama mama anashona pindo refu au anahangaika na kola. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akafunua sahani aliyowekewa. Maharage, viazi vitamu vya kuchemsha, mboga za majani na kipande cha papai.

"Tena?" aliuliza.

"Tena," mama alijibu bila kuinua macho. "Ulitaka nikupikie matofali ya baba yako?"

Chakula hicho kilianza wakati wa likizo, pale muuguzi wa zahanati alipompima Chiriku na kumweleza mama kwa upole kwamba uzito wa mtoto umeupita urefu wake. Hakumgombeza mtu. Alisema tu soda, biskuti, chipsi na vitu vya pakiti vipumzike, nyumba nzima iwe inakula chakula ambacho ukikitazama unajua kimetoka shambani, na mtoto acheze kila siku. "Ila asiache mlo hata mmoja," alisisitiza. "Bado anakua huyu. Tukimnyima chakula tunamuumiza." Baba, ambaye alikuwa fundi mwashi na mpenzi mkubwa wa soda, alikubali shingo upande. "Nyumba hii imehamia kwa sungura," alinung'unika, lakini alikula.

Nyumbani alipewa jina la Chiriku kwa sababu tangu udogoni mdomo wake haukutulia. Akikosa la kusema, aliimba. Shuleni aliitwa Puto. Jina hilo alipewa na Fito.

Fito alikuwa msichana wa darasa lao, mrefu na mwembamba kama jina lake la utani, tena mwimbaji wa mbele wa kwaya ya shule. Siku moja wakipanga mistari, Chiriku alipanda benchi, benchi likalia. Fito akapaza sauti, "Mshikeni Puto! Upepo ukivuma ataondoka na benchi!" Kwaya nzima ilicheka. Hata mwalimu wa kwaya aligeukia ubao na kujifanya anakohoa.

Hapo ndipo Chiriku alipoapa. Hakuapa kupungua ili awe na afya. Aliapa kupungua ili Fito akome. Kila kijiko cha maharage alikitafuna kana kwamba anamtafuna Fito. Aliruka kamba nyuma ya nyumba, na kila kamba ilipopiga ardhi alisema kimoyomoyo, "Chukua! Chukua na hii!" Siku ya mashindano ya kwaya, alijiambia, atapita mbele ya adui yake sketi ikimpwaya, na Fito atakosa neno.

Tatizo lilikuwa mizani. Kila Jumamosi mama alimpeleka zahanati, na kila Jumamosi mshale ulisogea kama mzee anayepapasa kutafuta miwani yake. Wiki nyingine haukusogea kabisa.

"Umepungua kidogo," muuguzi alisema Jumamosi moja, mashindano yakiwa yamekaribia. "Vizuri sana."

"Kidogo?" Chiriku alifoka. "Nimekula majani mpaka naona haya kumtazama mbuzi!"

Muuguzi alicheka. "Haraka ya nini, mdogo wangu? Mbona siku hizi unapanda ngazi zetu bila kuhema? Mwanzoni ulikuwa unakaa kwanza ndipo unaniamkia."

Chiriku hakumsikiliza. Ngazi hazikumwita Puto.

Siku hizo mama alikuwa anashona sketi za kwaya nzima. Chiriku alimwomba aipunguze yake kiuno, kwa kuwa hadi siku ya mashindano mwili utakuwa umepungua.

"Mimi nashonea mtu niliyempima," mama alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Huyo unayemsema bado sijaonana naye."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Fito alimfuata mpaka alipokaa na chakula chake. "Puto, nasikia kwenu mnakula majani tu. Mbona basi hupungui?" Wenzake wakaangua kicheko. Chiriku alifunika chakula chake. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kimeshaamua.

Mchana huo mama alikwenda dukani kutafuta vifungo. Sketi zilizokamilika zilikuwa zimepangwa juu ya kiti, kila moja imetiwa alama ya chaki, isipokuwa ya Fito. Ya Fito haikuhitaji alama. Ndiyo iliyokuwa na kiuno chembamba kuliko zote. Chiriku aliichukua, akaigeuza ndani nje. Hapo wazo likamjia, limetulia, kana kwamba lilikuwa linamngoja kwenye kiti kile: kama mimi sipungui haraka, basi na yeye anenepe.

Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, mikono yake inajua kazi. Aliibana sketi ubavuni, upande huu upana wa kidole, na upande ule hivyo hivyo, akapitisha mshono mpya, akakata nyuzi, akapiga pasi. Hakuwahi kushona mshono ulionyooka vile. Mama aliporudi na vifungo alimkuta mezani, anakula papai lake kimya.

"Leo chiriku wangu amemeza ulimi?" mama aliuliza.

"Nimechoka tu, mama."

Kesho yake sketi zilipelekwa shuleni. Wasichana walijifungia darasani kujaribu, wanazungukazunguka, wanapimana mapindo. Fito aliivuta zipu. Ikafika katikati, ikagoma. Akavuta pumzi, akavuta na zipu. Haikwenda.

"Jamani! Fito amekuwa nguzo!" msichana mmoja alipiga kelele, na kicheko kikapasuka chumba kizima. Ni kicheko kile kile cha siku ya benchi. Chiriku alikitambua, na safari hii kilimwingia mwilini kama maji baridi siku ya jua.

"Usijali, mwenzangu," alisema kwa sauti tamu. "Jaribu majani."

Fito aliishusha blauzi juu ya zipu iliyo wazi. Mwalimu alipouliza kama kuna sketi ya kurudishwa kwa fundi, yeye akasema, "Yangu imenienea, mwalimu."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu likizo, Chiriku aliyaona maharage matamu. Akaongezewa, akaimba akiosha vyombo. Baba akamwambia mama, "Huyu kapata nini leo?"

Lakini Fito alianza kugawa chakula chake. Siku ya kwanza alimpa jirani yake, akasema tumbo linamsumbua. Siku ya pili hakuja nacho. Chiriku alikuwa anamtazama kwa jicho la pembeni, anahesabu ushindi wake, hadi Fito alipomfuata bombani walipokuwa peke yao.

"Puto... samahani... wewe..." Fito alisita. Kumbe hakuwa na jina jingine la kumwitia. "Usimwambie mama yako, tafadhali. Atanipima, na wote watajua nimenenepa. Wewe unayajua mambo haya. Nifanye nini nipungue kabla ya mashindano?"

Chiriku alilijua jibu. Alijua Fito hakuwa na cha kupunguza. Alijua pia alichosema muuguzi, kwamba mtoto asiache mlo hata mmoja. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu, yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kuishiwa maneno.

"Kila mtu na mwili wake," alisema. Akafunga bomba, akaondoka.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa siku moja kabla ya mashindano. Fito alisimama mbele, mkono mmoja umeshika kiuno cha sketi kwa nyuma. Ubeti wa kwanza aliuimba. Katika wa pili sauti ilizidi kuwa nyembamba, ikakatika kama uzi. Alikaa chini polepole, kisha akalala, macho yamegeuka.

Walimpepea, wakamlaza kivulini, wakamletea uji. Alipofumbua macho mwalimu akamuuliza, "Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Na jana?"

Fito alitikisa kichwa. Mwalimu akashusha pumzi. "Mwanangu, kama hali ndiyo hii, kesho hutapanda jukwaani. Tutaimba na mwingine." Fito akaanza kulia bila sauti. Mkono wake ulikuwa bado umeshika sketi.

Chiriku alitimua mbio. Alikimbia njia nzima, wala hakusimama kupumua mpaka mlangoni kwao.

"Mama, simamisha cherehani."

Alisema yote: benchi, mshono, bomba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya gurudumu.

"Nani alikufundisha kubana mshono?" aliuliza.

"Wewe."

"Basi na mimi nimo." Mama alisimama, akajifunga kitambaa kichwani. "Chukua kiwembe na uzi. Twende."

Fito aliishi na bibi yake. Walimkuta Fito amekaa kitini amejifunika, kikombe cha uji mkononi, hakijapungua. Sketi ilikuwa imetundikwa ukutani.

"Shikamoo, bibi," Chiriku alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kumwona mgonjwa?"

Chiriku alimgeukia Fito. "Hujanenepa. Sketi niliibana mimi."

"Rudia," Fito alisema.

"Niliibana mimi. Ili wakucheke."

"Na pale bombani nilipokuuliza? Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Fito alionyesha sketi kwa kidevu. "Fumua. Hapa hapa. Nataka kuona."

Chiriku alikaa sakafuni, akafumua. Kuufumua mshono mzuri ni kazi ngumu, na ule alikuwa ameushona kwa bidii zake zote. Fito alitazama kila uzi unavyokatwa. Bibi naye akauliza, "Nataka kuelewa. Kwa nini mtoto huyu akufanyie hivi?"

Fito alikitazama kikombe. "Nilimpa jina, bibi. Namwita Puto. Mbele za watu. Kila siku."

"Ahaa," bibi alisema. Fito aliinamisha kichwa. Kisha akanywa uji, kwa hasira, mpaka kikombe kikabaki kitupu, akamnyooshea bibi yake amwongeze.

"Sijakusamehe," alimwambia Chiriku.

"Sawa."

"Labda kesho. Kama zipu itafunga."

Wakirudi, walipofika kwenye kona ya mtaa wao, mama akasema, "Mwanangu, chakula kile tunakuwekea ili kikulee. Wewe umekila kama mtu anayenoa kisu. Ndiyo maana kila Jumamosi uliona mshale tu. Hukuona ngazi, hukuona kamba. Leo umekimbia kutoka shule mpaka kwetu ukaweza kusema hadithi nzima bila kuhema. Umeligundua hilo?"

Hakuwa ameligundua. Alisimama katikati ya njia, mkono kifuani, anajisikiliza.

"Mwili unabadilika taratibu, na hauna haraka ya kumkomesha mtu," mama aliendelea. "Akikuumiza mwenzako, mwambie. Mwambie mwalimu, niambie mimi. Kesho nitazungumza na mwalimu wako kuhusu jina hilo na kuhusu vicheko. Na wewe utamwambia ulichofanya. Utakubali adhabu?"

"Nitakubali, mama."

Asubuhi, kabla hawajapanda jukwaani, Chiriku alimweleza mwalimu wa kwaya kila kitu, na mama akasema yake. Mwalimu aliona haya kukumbuka kukohoa kwake. Chiriku alipewa kazi ya kufua na kunyoosha sketi zote baada ya mashindano. Fito, aliyekuwa amekula jioni na asubuhi na kupata nuru usoni, aliruhusiwa kuimba.

Wasichana walivaa kwa haraka nyuma ya pazia. Sketi ya Chiriku haikumpwaya alivyokuwa ameota. Mama alikuwa ameipunguza upana wa kidole kimoja tu. Alikuwa anajiweka sawa alipohisi mtu amesimama mbele yake. Fito. Akamgeuzia mgongo, akakusanya blauzi yake juu.

"Nifungie, Chiriku," alisema.

Chiriku alishika zipu kwa vidole viwili. Ikapanda yote, taratibu, bila kukwama, mpaka juu.

Mama, aliyekuwa akikagua mapindo karibu nao, aliwapapasa wote wawili mabegani. "Nimewapima kila mmoja na kipimo chake," alisema, "na zote zimekaa vizuri. Haya, nendeni mkaimbe."