Kabla ya Saa Tisa, Jumatano

Kila asubuhi kabla ya shule, Chesang na Wariara walikutana kwenye bomba la maji mtaani Rhonda, kila mmoja na mtungi wake wa manjano. Foleni ilikuwa ndefu, lakini mdomo wa Wariara haukujua kupumzika.

"We Chesang, huo mtungi wako unavuja, ama maji unayanywa njiani?" alikuwa akiuliza, na akina mama wote walicheka.

Wariara alikuwa mgeni Nakuru. Mwezi wa Januari mwaka huo wa 2008, nyumba yao kule Keringet ilichomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Walikaa katika kambi ya wakimbizi majuma mengi, kisha mama yake akapata chumba kimoja Rhonda na kuanza kuuza viazi sokoni. Shuleni, Wariara aliketishwa karibu na Chesang, darasa la sita. Wengine walinong'ona kwamba mwaka huo watu wa makabila yao mawili, yaliyokuwa yamepigana, hawawezi kukaa dawati moja. Wao walitumia hata rula moja.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, Wariara hakuonekana bombani wala shuleni. Jumanne alikuja, kimya kama mtu aliyefiwa. Wakati wa mapumziko Chesang alimkuta nyuma ya darasa.

"Niaje? Nani amekuudhi?"

Wariara alitazama viatu vyake. "Apa kwanza kwamba hutasema."

"Haki ya Mungu!" Chesang alilamba kidole akakielekeza juu, kama watoto wa mtaa wanavyoapa.

Wariara akaeleza kwa sauti ndogo. Jumapili saa tisa alasiri, mama yake akiwa sokoni, msimamizi wa ploti yao ya vyumba vya kupanga aliingia chumbani akisema anakuja kuangalia paa linalovuja. Akafunga mlango. Alimlazimisha jambo ambalo mtu mzima hapaswi kumfanyia mtoto kamwe. Alipoondoka alimwonya kwamba akisema, yeye na mama yake watalala nje.

"Nimeoga mara nne," Wariara alisema. "Nimefua nguo zote. Lakini nimeharibika, Chesang. Kule kambini kulikuwa na msichana, watu wakimnyooshea kidole, 'Yule ameharibika.' Mama akijua, atakufa kwa huzuni."

Chesang akaketi kando yake. Walikaa hapo bega kwa bega mpaka kengele ikalia.

Jumatano, saa nne asubuhi, Mwalimu Chepkemei aliingia darasani na mgeni. Alikuwa Sista Kamla, muuguzi mzaliwa wa Nakuru, aliyekuwa akizunguka shule kwa shule kufundisha watoto jinsi ya kujilinda.

"Mtu akikushika vibaya au kukulazimisha, kosa ni lake," Sista Kamla alisema. "Mwambie mtu mzima unayemwamini. Asipokusikiliza, mwambie mwingine. Na mtoto aliyebakwa aletwe hospitalini haraka, kabla ya kuoga au kufua nguo, ushahidi usipotee. Hata aliyekwisha oga, aje tu. Tuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, lakini lazima zianzwe kabla ya saa sabini na mbili kupita."

Chesang alihesabu kwa vidole chini ya dawati. Jumapili saa tisa. Jumatatu. Jumanne. Leo. Zilibaki saa tano.

Alimgeukia Wariara. Wariara alitikisa kichwa.

"Uliapa," alinong'ona.

"Niliapa nikiwa sijui." Machozi yalimlenga Chesang. Mwalimu na mgeni walipotoka, aliinuka akawafuata.

Dakika chache baadaye, Wariara alipoitwa ofisini, alipita mbele ya Chesang akasema neno moja tu. "Umeniuza."

Kufikia adhuhuri walikuwa hospitalini. Mama Wariara aliitwa kutoka sokoni akaja na aproni yake yenye udongo wa viazi. Alipoelezwa, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Uuui! Mtoto wangu! Mtoto wangu ameharibika!"

Wariara alijikunja kitini.

Sista Kamla alichuchumaa mbele ya mama huyo. "Pole sana, Mama. Lakini neno hilo naomba tuliache nje. Viazi vikiharibika unavitupa. Huyu hatupwi. Huyu ameumizwa, na aliyeumizwa hutibiwa."

Mama alishusha mikono kutoka kichwani. Kisha akamvuta binti yake kifuani. "Umeumizwa, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Umeumizwa." Hapo ndipo Wariara alipolia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Alimeza dawa za kwanza saa nane. Alipaswa kuzimeza kwa siku ishirini na nane, na kila juma kuonana na mshauri wa hospitali. Nguo zilikuwa zimefuliwa, lakini ripoti ya daktari na maneno ya Wariara mwenyewe yaliandikwa. Polisi walimkamata msimamizi, na mama akahamisha vyombo vyao hadi ploti nyingine.

Hata hivyo, shuleni Wariara alihamia dawati la nyuma. Bombani alisimama mbali. Majuma matatu hakumsemesha Chesang hata salamu.

"Mwalimu, nilivunja kiapo," Chesang alimwambia Mwalimu Chepkemei huku akilia. "Sasa hanitaki tena."

Mwalimu alimpa leso. "Siri inayomfurahisha mwenzako, itunze. Siri inayomuumiza, usikae nayo, hata ukiapishwa mara mia. Mwambie mtu mzima. Wewe hukumuuza rafiki yako. Mwenye kosa ni yule mtu peke yake. Lakini Wariara ana maumivu, na maumivu hayatii kengele kama darasa. Mpe muda."

Juma lililofuata, Chesang akifuta ubao, alisikia mtu amesimama nyuma yake.

"Leo nimemeza za mwisho," Wariara alisema. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu. "Wanataka nirudi Jumamosi nipimwe damu tena. Mama atakuwa sokoni mpaka saa sita."

Chesang aliweka kifutio chini.

"Naogopa sindano," Wariara akasema. "Utanishika mkono?"

"Nitakushika."

"Na usiangalie nikilia."

"Sitaangalia," Chesang alisema, naye mwenyewe akiwa tayari analia.