Nani Anachomoa Waya wa Fundi Saa

Kabla sijafungua mdomo, apa. Sema: haya hayatoki hapa. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapishwa na mke wa fundi saa mwenyewe, tena mara mbili, nikaimeza siri yake kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki. Siku tatu imenikwama. Leo naitema, na ukiulizwa nani kakwambia, sema uliota.

Fundi saa alikuwa mtu wa watu. Miaka saba iliyopita moyo wake ulichoka, wakampasua kifua wakamtilia mashine ndogo ya kusukuma damu. Waya ulimtoka ubavuni ukaingia kwenye kisanduku cha kiunoni. Tangu hapo, akitaka kutembea anabeba betri mbili begani; akitaka kulala anachomeka plagi ukutani. Mashine ile haidundi. Inavuma tu, mfululizo, na majirani ambao hawana dogo wakambatiza Mzee Friji.

"Mzee Friji, leo barafu imeganda?" Mama Povu, jirani mfua nguo, humwuliza kila asubuhi dirishani.

"Ingiza kichwa chako uone," naye humjibu.

Mshika kifundo cha mkono wake hapati kitu. Mshipa hauchezi. Mtu aliyekula jasho lake kwa kusikiliza saa za wenzake zikigonga, mwilini mwake hakikugonga chochote. Wanne waliotiliwa mashine pamoja naye, wodi moja, walikuwa wameshazikwa: mmoja damu ilimganda, mmoja kidonda cha waya kilioza, wawili walilala tu wasiamke. Daktari akamwambia, "Mzee, wewe umevuka. Endelea." Akaendelea. Lakini kuendelea kwenyewe kulikuwa na urefu wa waya: kutoka ukutani hadi dirishani hatua nne. Ukivuta, tano.

Halafu waya ukaanza kuchomoka.

Mara ya kwanza ilikuwa alasiri, jua kali nje, mkewe yuko kazini. Alifunga komeo, akachomeka, akajilaza. Kengele ya kisanduku ikamwamsha ikilia kama kuku aliyekanyagwa. Akazifikia betri mezani, akaponea chupuchupu, maana kisanduku kina akiba ya dakika chache tu. Akatazama chini. Plagi haikuwa imedondoka. Ilikuwa katikati ya chumba, na waya wake umezungushwa duara safi, tabaka juu ya tabaka. Komeo lilikuwa palepale.

Mara ya pili aliisukuma meza ikaziba soketi. Alipoamshwa na kengele, meza haikuwa imesogea hata ukucha. Plagi ilikuwa juu yake.

"Unajichomolea usingizini, baba watoto," akasema mkewe, ambaye ni mpishi wa shule na hapendi mambo ya kipuuzi.

"Na mkono wangu unapita ndani ya mbao?"

 Tangu siku hiyo mama wa watu akawa anakwenda kazini shingo imegeukia nyuma.

Mwenye majibu alikuwa dada mkubwa wa fundi saa. Huyu alikuwa amekuja mjini kumwuguza mjukuu wake aliyelazwa hospitali, homa haishuki. Akaja kumwona mdogo wake, akaketi mbali na kitanda, sauti ameishusha.

"Tangu uwekwe hicho kidude, mama kaenda. Kaka kaenda. Mwanangu kaenda. Kila akizikwa mtu, wewe unanenepa."

"Dada, mama alikuwa na miaka tisini."

"Na mwanangu? Naye alikuwa na tisini?"

 Ikabaki ile mashine tu inavuma baina yao.

Sasa sikiliza ya Jumatatu.

Alasiri tena, komeo limefungwa. Kengele ikalia. Akaruka kitandani, mguu ukanasa kwenye waya, kichwa kikapiga ncha ya meza. Mama Povu alikuwa anaanika. Akaisikia kengele, akavunja mlango kwa bega, povu mpaka viwikoni. Akaiokota plagi, akaichomeka ukutani. Mashine ikavuma. Majirani wakamnyanyua mzee wakamrudisha kitandani.

Lakini hakuamka. Alisikia kila kitu, na hakuweza kuinua hata ukope.

Akaletwa nesi wa kituo cha afya, mgeni, hana hata wiki mbili pale. Akamshika kifundo. Akamshika shingo. Akamvalisha kipima presha, kikahema, kikaandika sifuri. Yule binti alifundishwa kutafuta mshipa, na mshipa haukuwepo.

"Poleni," akasema. "Ametutoka."

"Mbona anavuma?" Mama Povu akauliza.

"Mama, huo ni umeme. Mashine huvuma hata ndani ya maiti."

*Niulizeni mimi*, akapiga kelele fundi saa. Kelele haikutoka. *Huyu ni mimi! Hakuna mshipa, miaka saba hakuna mshipa! Mwambieni, dada!*

Maana dada yake alikuwa ameshafika, amesimama hapo hapo mlangoni. Yeye alilijua hilo la mshipa, alilishika kwa mkono wake mwenyewe zamani. Nesi akamtazama kama anayengoja neno.

Dada hakusema neno.

Wakamfunika shuka, mpaka usoni.

"Msiguse kitu mpaka mkewe aje," akasema Mama Povu. "Simu yake haipatikani, lakini saa kumi anatoka."

Ikawa kungoja. Chini ya shuka joto, pumzi ndogo, kitambaa kimegusa midomo yake na hakuna aliyekiona kikitikisika. Vilio vya wanawake vikaifunika sauti ya mashine. Akazihesabu dakika kichwani, kazi yake ya maisha. Kumi. Ishirini. Saa kumi ilikuwa mbali kama mwaka.

Kiti kikaburuzwa. Upande wa kulia, kwenye ukuta wa soketi. Akaijua harufu ya dada yake.

"Najua unanisikia," akanong'ona. "Usinichukie. Umekula wa kutosha. Huyu mjukuu wangu hutamla. Pumzika, mdogo wangu."

Fundi saa akajaribu kidole. Kidole hakikutii.

Hapo mkono ukaingia chini ya shuka. Mkono wa baridi. Ukatambaa juu ya godoro, ukamshika kifundo cha mkono wa kushoto, ukabana. *Dada, niache.* Ukabana zaidi.

Kisha, upande wa kulia, plagi ikakwaruza ndani ya soketi. Mara moja. Mara mbili.

Ikatoka.

Kengele ikapasua chumba. Vilio vikakatika. Na mlangoni, aproni bado kiunoni, ndipo alipokuwa amesimama mkewe.

Watu wote wakageuka pamoja. Dada mkubwa alikuwa amepiga magoti ukutani, plagi ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Mke hakupiga kelele. Akaruka miguu ya watu, akazinyakua betri mezani, akachomeka ya kwanza, akachomeka ya pili. Kengele ikanyamaza. Akaliondoa shuka usoni mwa mumewe, na mumewe akafumbua macho.

Chumba kikalipuka! Nesi akaziba mdomo. Mama Povu akamdaka dada mtu kwa ukosi wa gauni.

"Muuaji! Ndugu yako wa damu! Kumbe ni wewe siku zote!"

"Leo tu!" akalia yule mama, mikono yake yote miwili bado imeng'ang'ania plagi mbele ya macho yetu, ndiyo, na mimi nilikuwepo. "Naapa, ni leo tu! Siku zile sikuwa mimi!"

Fundi saa hakumtazama. Alikuwa anatazama ubavu wake wa kushoto, upande ambao hapakuwa na mtu.

"Mwambieni aniachie," akasema.

Mkewe akalifunua shuka lililobaki. Mkono wa kushoto wa mumewe ulikuwa umelala juu ya godoro, hakuna aliyeushika. Kwenye kifundo palikuwa na vishimo vitano, virefu, vya vidole, ngozi imekuwa nyeupe pembeni.

Na bado vilikuwa vinazama.