Sanduku la Saa Nne Asubuhi

Mvua ya Bogotá haina adabu, haipigi hodi. Jumapili ile ya Machi soko letu la vitu vya kale lilikuwa limefurika, huyu anapekua sahani za bibi wa mtu, yule anabishania bei ya saa ya ukutani isiyotembea, na jua lilikuwa limetudanganya hata tukavua makoti. Ghafla mbingu zikafunguka.

Yolima Bejarano alikuwa ametundika magauni yake yote nje. Si magauni ya mchezo yale. Kulikuwa na la satini ya rangi ya maziwa, la lesi nyeusi lililoachwa wazi mgongoni, na mbele ya yote lile la mahameli ya kijani, kiuno chembamba, sketi imemwagika mpaka chini, ambalo alilitundika ili lionekane lakini hakuwa tayari kumuuzia mtu. Mahameli yakilowa, basi tena. Akapiga ukelele.

"Jamani, nisaidieni! Magauni yangu!"

Kila mtu alikuwa anaokoa chake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelalia sinia zangu za vifungo kama kuku juu ya mayai. Aliyeitika ni mwanamume mrefu aliyehamia meza ya pili wiki ile ile, Fermín Osuna, muuza masanduku ya safari ya zamani. Alikuwa ameyafungua yote yakabaki midomo wazi.

"Lete hapa! Usikunje, tupa tu!"

"Nitupe? Unajua hili lina umri gani?"

"Halinizidi mimi. Tupa, bibiye, mvua haisubiri tutambulishane!"

Akatupa. Mvua ilipokwisha walikuwa wamesimama chini ya turubai moja, wamelowa chapachapa, wanacheka, mikononi vikombe vya chokoleti ya moto na kipande cha jibini kikiyeyukia ndani. Nikawatazama nikasema moyoni, haya, tumepata habari ya kuzungumzia mwaka huu.

Jioni simu ya Yolima ikalia.

"Bibi wa magauni?"

"Nani mwenzangu?"

"Mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Nimefika nyumbani, nimefungua sanduku la bluu, nimekuta mwanamke wa kijani amelala humo. Namuuliza jina, hasemi."

Yolima alicheka mpaka akakaa chini. "Usimguse! Huyo katoka Montevideo. Tazama shingoni, utaona lebo ya fundi wake."

"Nimeiona. Sasa nimkaribishe kwenye kochi?"

"Mtundike! Mahameli hayakalishwi, nyuzi zake zinalala."

"Nimegongomea msumari kwenye kabati, anakaa vizuri. Tatizo ni kwamba chumba kimependeza ghafla. Ukija kumchukua nitabaki na msumari."

Basi ndivyo ilivyoanza. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wale wawili hawakujaribu hata kuficha. Kumbe wote waliishi mtaa wa La Perseverancia, wametenganishwa na mlima mmoja wa kukata pumzi. Yolima alikuwa na miaka thelathini na minane, fundi wa kufufua nguo zilizokufa; angeweza kuziba tundu la nondo kwenye lesi usiamini kwamba nondo aliwahi kuzaliwa. Kila gauni alilijua lilikoshonwa, Havana, Lima, Sevilla, na usiku wa kukosa usingizi aliyasoma majina yale kama anayesoma tasbihi. Magauni yake yote yalikuwa yamesafiri. Yeye hakuwa amevuka mpaka wowote, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokiri.

Fermín naye aliuza masanduku yenye karatasi za hoteli za dunia nzima, na ndege aliiona ikipita juu tu.

"Wewe mwanamume, unauza safari na wewe huna safari," Yolima alimtania.

"Na daktari wa meno ana meno mabovu. Nile nini, malkia?"

"Kula maneno yako."

Lakini chini ya utani palikuwa na jeraha. Septemba, wakiwa wanapanda ule mlima bega kwa bega, Yolima alimuuliza kwa sauti ya mzaha, "Nikipata kazi mbali, utafanyaje?"

"Nitakuchagulia sanduku zuri."

"Nauliza kweli, Fermín."

Fermín akapunguza hatua. "Rosaura, aliyekuwa mke wangu, alipokwenda Hispania nilimshika mkono mlangoni mpaka majirani wakatoka kutazama. Nililia mbele yao. Akaondoka vilevile. Siku ile niliapa, mtu akitaka kuondoka, mimi simzuii mlangoni tena."

Yolima hakuuliza zaidi. Novemba kazi ikaja kweli: jumba moja la maigizo la Montevideo, lenye makabati ya magauni ya kale yanayooza, lilitaka fundi wa kuyafufua, na mama mmoja wa huko aliyewahi kununua gauni kwake alimtaja. Miaka miwili, aanze Januari. Montevideo, mji wa mwanamke wake wa kijani! Alikubali siku hiyo hiyo, kisha akakaa kitandani. Hakutaka kuzuiwa, lakini alitaka mtu atake kumzuia. Au aseme, "Ngoja nivae viatu, twende." Neno moja tu kati ya hayo. Alijua likikosekana angeondoka na moyo nusu.

Desemba nzima alilibeba jambo hilo ulimini. Akiitwa kwenye simu, "Uko wapi, roho yangu?" anajibu, "Nipo," na kubadilisha habari. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini wale wawili walijifanya hawakuisikia hiyo.

Usiku wa mwisho wa mwaka kwetu ukishameza zabibu zako kumi na mbili za bahati, unanyakua sanduku tupu na kuzunguka nalo mtaa mzima, ili mwaka unaoingia usafiri. Wazee, watoto, wagonjwa wa miguu, wote mbio. La Perseverancia nzima huazima masanduku kwa Fermín na kuyarudisha kesho yake. Yolima alichukua la ngozi ya kahawia tangu mchana.

Kengele zilipolia alitokea mlangoni kwa Fermín amevaa gauni la kijani, koti jeusi mabegani, nywele amezifunga juu. Njia ilikuwa imejaa watu wanaokimbia na masanduku, wanagongana, wanapiga kelele. Bega lake la kulia, upande wa sanduku, lilikuwa limeinama kidogo. Niliona nikadhani ni viatu.

"Mwaka huu naondoka kweli, Fermín."

Sasa nani hasemi hivyo usiku ule? Mimi mwenyewe nimeondoka kweli mara ishirini na bado nauza vifungo. Fermín alicheka, uso wote unang'aa.

"Nenda, malkia! Usinisahau!"

"Sanduku silirudishi."

"Lichukue, likutunze!"

"Huna jingine la kuniambia?"

"Safari njema! Uniletee zawadi!" Akambusu kwenye paji la uso, kisha akageuka upesi, maana Bi Hersilia, mwenye nyumba ya Yolima, alikuwa amekatikiwa na mpini wa sanduku na anamtukana kila aliye karibu.

Yolima akakata kona. Nasi sote tulikata kona ile, tukazunguka, tukarudi milangoni kwetu tukihema. Yeye hakurudi.

Asubuhi Fermín alikaanga maandazi ya jibini, akamsubiri alete sanduku. Maandazi yakapoa. Alipopanda mlima, Bi Hersilia alimfungulia akiwa bado na kitambaa kichwani. "Si amekwenda Montevideo? Nilidhani mmeagana pale."

Fermín alishuka mlima. Mtu aliyelizwa hadharani mara moja ana ngozi laini, na yeye aliamini Yolima ameutumia usiku wa sherehe kumponyoka, amemuaga kwa mzaha asije akafahamu. Namba yake ya zamani haikupatikana. Mpya angeweza kuiomba kwa Bi Hersilia. Hakuiomba.

Yolima naye alikuwa anasema, "Nilimwambia machoni, akanicheka." Kwenye ndege, mara yake ya kwanza kuona mawingu kwa juu, hakuona kitu.

Mwaka ule ulikuwa mrefu kwa wote wawili. Jumapili Fermín alikuja sokoni mapema, akakaa na mgongo wake kwenye meza iliyokuwa ya Yolima. Ikakodiwa na muuza taa, kijana mzuri tu, lakini Fermín hakuwahi kumsalimu. Kwake hakutundika kitu kwenye ule msumari, wala hakuung'oa.

Montevideo, Yolima alifanya kazi yake vizuri na akasifiwa, na jioni alirudi kwenye chumba kidogo ambacho upepo wa mtoni uliingia bila kubisha. Watu wa kule hunywa chai yao chungu kwa kupokezana kibuyu kimoja, mkono kwa mkono. Yeye alijipokeza mwenyewe. Jumamosi moja alivaa gauni la kijani, akaenda kuitafuta nyumba ya fundi aliyeandikwa kwenye lebo. Alikuwa akiiota siku hiyo tangu ujana. Akaipata: sasa ilikuwa duka la dawa. Alisimama mbele ya kioo, gauni limerudi lilikozaliwa, watu wanampita na mifuko yao. Machozi yakamtoka, na si kwa ajili ya duka la dawa. Alitaka kumsimulia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hakuwa na habari naye.

Desemba ikarudi. Siku mbili kabla ya mwaka kwisha Bi Hersilia aliteremka kuazima sanduku.

"Nipe lenye mpini mzima, safari hii. Na jepesi. Si kama lile la Yolima, maskini. Dereva wa teksi na mimi tulilisukuma pamoja."

"Teksi ipi?"

"Ile iliyokuwa inamsubiri kona. Ilipiga honi, ikapiga tena, yeye anatazama nyuma tu. Nikamwambia, mwanangu, utaikosa ndege. Akasema, 'Nangoja aseme neno.' Wewe ulikuwa unatengeneza mpini wangu."

Fermín alikaa juu ya sanduku lililokuwa karibu. Maisha yake yote ni masanduku. Analijua sanduku kwa kulishika tu, hili la safari fupi, hili la mtu asiyerudi. Na usiku ule, mbele ya lililokuwa zito kuliko yote, hakunyoosha mkono.

"Bi Hersilia," alisema, "nipe namba yake."

Tarehe thelathini na moja, saa sita mchana, ofisi za Montevideo zilikuwa zinafungwa. Kule siku hiyo watu huchana kalenda za mwaka na kuzimwaga madirishani, na karatasi zilikuwa zinateremka barabara nzima, Machi, Juni, Septemba, zinatua kwenye kofia za watu. Yolima alikuwa peke yake ukingoni mwa njia. Asubuhi alikuwa amevaa gauni la kijani bila kujua analivalia nini. Simu ikalia, namba ya Bogotá.

"Bibi wa magauni?"

Akaegemea ukuta. "Nani mwenzangu?"

"Mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Nimekuibia mwaka mzima. Nilidhani unacheza, Yolima. Nilidhani ni sanduku tupu kama la wengine."

"Nilikwambia naondoka kweli."

"Kila mtu alisema hivyo."

"Mimi si kila mtu!"

"Ndiyo. Ningeliinua tu, ningejua. Sikuliinua."

Kwenye simu Yolima alisikia watu wanacheka, na mtu anahema.

"Uko wapi? Wanacheka nini?"

"Wananicheka mimi. Nazunguka mtaa na sanduku."

"Sasa hivi? Huko si saa nne asubuhi?"

"Saa nne, na jua kali. Nani anabeba sanduku saa nne asubuhi?"

Yolima alijua jibu, kila mtoto wa La Perseverancia analijua. Usiku kila mtu hubeba sanduku. Mchana hubeba anayeondoka.

"Na ndani mna nini?" akauliza polepole.

"Nguo zangu. Ndege ni alasiri. Nimebakisha kona moja, mlango wangu nauona. Niambie, niingie, au nipite nije kwako?"

"Na kiapo chako?"

"Niliapa sitamzuia mtu mlangoni. Sikuapa kwamba sitamfuata."

Karatasi ya Aprili ikatua begani kwake, juu ya mahameli. Hakuiondoa.

"Nina hasira na wewe, Fermín. Huwezi kujua nimelia kiasi gani katika mji huu. Ukifika nitakuwa bado nina hasira."

"Nitaileta njaa yangu na maandazi ya jibini. Utakasirika ukiwa umeshiba."

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, akaziba mdomo kwa mkono. Upande wa pili hatua zilikuwa zimepungua kasi.

"Yolima? Nimefika mlangoni."

"Pita," alisema. "Pita, mpenzi wangu, usisimame."

Akabana simu sikioni kwa mikono miwili. Alisikia sanduku likihamishwa mkono, kisha hatua zikianza tena, na nyuma yake kabisa, kutoka dirisha la juu mlimani, sauti ya Bi Hersilia ikipasua mtaa:

"Wewe Fermín! Mlango wako umeupita!"