Tuta la Mwanamkuu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Mwanamkuu alimwagilia marando yake. Alitumia maji aliyooshea vyombo jana yake. Marando ni mashina ya viazi vitamu yanayotambaa. Hayo ndiyo mbegu. Ukiyapoteza, mwakani huna kiazi.

Mwaka huo jua la Ziba, kijijini kwao, lilikuwa kali. Mahindi yalinyauka kabla ya kubeba. Ndani ya nyumba lilibaki gunia moja la michembe, yaani viazi vilivyokatwa vipande na kukaushwa. Mfaume, mume wa Mwanamkuu, alikuwa fundi baiskeli. Siku hizo alikaa chini ya kibanda chake akifukuza nzi. Watu wenye njaa hawaendi matembezi.

Marando ya majirani yalikauka yote. Ya Mwanamkuu tu, nyuma ya jiko, yalibaki kijani.

"Mke wangu," Mfaume alimtania, "siku hizi unayasalimu marando kabla yangu."

"Wewe ukikauka nitaolewa tena," alijibu Mwanamkuu. "Haya yakikauka, tutakula nini?"

Binti yao Ridhaa alicheka hadi uji ukamtoka puani.

Siku mvua ya kwanza iliponyesha, jirani yao Maua alikuja. Maua alikuwa mjane mwenye watoto wadogo.

"Mwangaluka, mama Ridhaa!" alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Maua. Karibu."

"Nimekuja kuomba mbegu. Yangu imekufa yote. Nipe ya tuta moja tu, na tuta hilo nitaliita jina lako. Marehemu mama yangu alifanya hivyo. Kila tuta lake lilikuwa na jina la aliyempa mbegu."

Mwanamkuu alitaka kusema hana. Lakini marando yalichungulia pembeni ya jiko, yakamsuta.

"Njoo jioni," alisema.

Maua alipoondoka, Mwanamkuu alimgeukia mumewe. "Nikimpa huyu, kesho watakuja wengine. Sisi tutabaki na nini?"

"Tutabaki na Mungu."

"Mwambie Ridhaa hivyo akilia njaa!"

"Astaghfirullah, mama Ridhaa!" Mfaume alishika kichwa. "Hebu nijibu. Jua liliwaka kwa wote. Nani aliyeyaweka hai marando haya?"

"Mimi. Kwa maji yangu ya vyombo."

"Na maji hayo uliyaumba wewe?"

Mwanamkuu alichukua kisu akaenda nyuma ya jiko. Alikata marando ya pembeni, yenye majani ya njano yaliyojikunja. Mazuri hakuyagusa. Akafunga fungu dogo, akaliweka mlangoni.

Mchana huo Julieth alifika. Julieth alikuwa bibi shamba wa kata, na mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa umekatika. Aliliona fungu.

"Shikamooni. Hiki ni chakula cha mbuzi?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwanamkuu. "Hiyo ni mbegu ya Maua."

Julieth alichukua rando moja. "Mama, tazama. Majani yamejikunja na yana madoa ya njano. Huu ni ugonjwa. Maua akipanda haya, atavuna vijizizi vyembamba kama penseli. Tena ugonjwa hautakaa kwake. Inzi weupe wadogo wataurudisha hapa kwako."

"Kumbe!"

"Marando kama haya yang'oe, uyafukie. Mpe yenye afya. Kata ncha, urefu wa rula ya shule. Shina litachipua tena."

"Kwa hiyo nikikata hayataisha?"

"Leo yatapungua. Baada ya wiki chache yatajaa. Yasipokatwa huzeeka. Halafu mama, mbegu yote ikikaa mahali pamoja, janga moja linaimaliza. Ikiwa kwa majirani, ni akiba." Aliangalia huku na huku. "Hapa pazungushieni ua wa miiba. Mifugo inapita."

"Nitaujenga kesho, inshallah," alisema Mfaume.

Kisha akamgeukia mkewe. "Umesikia? Sadaka ni kutoa unachokipenda."

"Wewe jenga ua," alisema Mwanamkuu.

Hata hivyo aliyaona maneno ni ya kweli. Alirudi nyuma ya jiko na kusimama mbele ya marando mazuri kuliko yote. Akasema "Bismillahi", akakata. Jioni Maua alipopokea fungu lile nene, alicheza ngoma bila ngoma. Yale yenye ugonjwa yalikuwa yamefukiwa.

Mwanamkuu aliyaacha mengine hadi mvua ya pili, ayapande yote kwa pamoja.

Ijumaa, wakati wa sala, kundi la ng'ombe lilipita likienda kunywa maji. Ua haukuwapo. Kesho ya Mfaume ilikuwa bado haijafika. Ng'ombe walikula marando yote, kisha wakakanyaga mashina mpaka yakawa tope.

Mwanamkuu alikaa chini. "Baba Ridhaa, mbegu yetu imekwisha."

Mfaume hakutafuta utani. "Nilisema namtegemea Mungu, nikaiacha kazi ambayo Mungu alinipa mikono ya kuifanya. Kosa ni langu. Nisamehe."

Siku hiyohiyo alikata miiba, akajenga ua. Ua mzuri, usio na kitu ndani.

Maua alipopata habari, alikuja mbio. "Mama Ridhaa, unalia nini nawe una tuta? Mwanamkuu amechipua kwangu! Subiri tu arefuke."

Wakasubiri. Michembe ilipimwa kwa kikombe kidogo, na majirani walikula pamoja walichopata. Mvua ikanyesha tena. Maua akakata ncha zenye afya, akaleta fungu kubwa kuliko alilopewa. Mwanamkuu alipanda ndani ya ua. Tuta la kwanza aliliita Maua.

Msimu wa mavuno, michembe ilianikwa hadi juu ya kibanda cha fundi. Kila aliyekosa mbegu alipewa na Mwanamkuu, nayo ilikuwa njema.

Mwaka uliofuata, Mfaume alimpakia mkewe kwenye baiskeli. Walipopita karibu na shamba moja, walimsikia mwanamke akiwaita wanawe.

"Njooni huku! Huyu Mwanamkuu amejaa magugu!"

Mfaume alicheka mpaka baiskeli ikaingia mtaroni.

"Magugu? Mimi?" Mwanamkuu aliinuka akajikung'uta vumbi. Akakaza kanga kiunoni, akaingia shambani, akainama kwenye tuta lake, akaanza kupalilia.